Neno la Kumwambia Mkwe

Jumatatu, 28 Aprili

Kola zimeshonwa nyuma mbele. Tena. Majoho ya kwaya ya Songea, zambarau nzuri kabisa, na fundi kaweka kola kama vile waimbaji wataingia kanisani kinyumenyume. Nilicheka kwanza, hasira zikaja baadaye. Laobani wangu wa Kangle, mtaa wa mafundi cherehani hapa China, akatazama picha niliyomtumia, akatazama kola, akajipiga kofi la paji la uso. (Huku mwenye karakana ni laobani, yaani bosi. Mteja naye ni laobani. Tunaitana mabosi kutwa nzima na wote tumelowa mvua.) Watafumua. Lakini Alhamisi ni sikukuu ya wafanyakazi, mafundi wanakwenda makwao, karakana inafungwa hadi wiki ijayo.

Sawa. Bwana anajua.

Habari kubwa leo si kola. Mama Amani kapata viza! Anaingia Ijumaa. Anakuja kununua mapazia na mashuka ya duka lake la Mafinga, ndivyo alivyoandika kwenye maombi ya viza, lakini kwenye mkoba ana pete. Kijana wake Amani ndiye aliyemposa binti yangu Neema. Walisoma pamoja sekondari pale Songea, mmoja kabaki na mbao za baba yake, mmoja kaja China kusoma, na bado hawajachokana. Amani hawezi kuacha kiwanda cha mbao, kwa hiyo mama yake ndiye atakayemvika Neema pete mbele ya ibada yetu ya Kiswahili. Jumapili ya tarehe kumi na moja. Amani atakuwa kwenye simu.

Nina furaha. Nina hofu pia, niseme ukweli. Mama Amani anajua Neema anasomea uhandisi. Uhandisi wa nini, hajauliza, nasi hatukumwambia.

Jumatano, 30 Aprili

Neema kaja kula. Ndizi na samaki, na maziwa glasi mbili. Maziwa nampa kila akija, tangu aanze masomo haya. Nilisikia yanaosha sumu. Nguo zake pia nazifua peke yake. Leo kanikamata mikono pale kwenye beseni: "Mama, mimi nashika kompyuta tu. Urani sijaiona hata kwa dirisha!" Nikamwambia hata kompyuta ina vumbi. Kacheka mpaka kakaa sakafuni.

Baada ya kula nikamwambia, haya, nieleze kama unamweleza mtu wa Mafinga. Kanieleza. Nimeelewa hivi, naandika nisije nikasahau.

Urani ziko mbili ndani ya moja. Kuna ile inayopasuka upesi na kuna ile iliyolala. Katika urani ya bomu, kwenye kila mia, tisini na zaidi ni ile inayopasuka. Ndiyo ukali wake. Mtambo wa umeme hautaki ukali huo, unataka nne au tano tu katika mia. Sasa kuna mataifa yalitengeneza urani ya mabomu nyingi kuliko maadui. Imebaki. Kuilinda ni kazi, kuitupa haitupiki. Basi wanaichukua ile kali wanaichanganya na iliyolala, mpaka ishuke kufika kiwango cha mtambo. Wanaitengeneza vidonge vidogo, vinapangwa ndani ya mabomba membamba, vinachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, taa zinawaka. Warusi na Wamarekani walishafanya hivyo miaka mingi. Wamarekani waliwasha taa na kupika chai kwa mabomu ambayo yangewaangukia wao wenyewe!

Niliposikia hilo nilisimama. Nilisema Haleluya pale pale jikoni. Mtoto wangu anasomea jambo ambalo manabii waliliota.

Yeye anachopigia hesabu ni kimoja: uichanganye na nini. Urani ya bomu la zamani ina uchafu wake, na si kila iliyolala inafaa. Ukikosea, unapunguza ukali lakini uchafu unabaki na mtambo unaukataa. Tasnifu nzima ni hapo.

Nimemwuliza, kazi hiyo inaitwaje kwa Kiswahili? Hana neno. Kasoma kwa Kiingereza, kisha Kichina. Kasema "kuchanganya ili kupunguza nguvu." Hilo si neno, ni safari. Nitamtafutia mwenyewe.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Kangle kimya, mageti ya karakana yameshushwa, hata pikipiki za vitambaa hazipo. Nimeweza kutembea katikati ya kichochoro kama mke wa waziri.

Neno limekuja wakati naosha masufuria. KUCHAKACHUA. Si ndiyo hiyo? Mafuta yenye nguvu, unayachanganya na kitu hafifu, yanabaki mafuta. Na urani ni mafuta ya mtambo. Hakuna Mtanzania asiyelijua. Najua wenye vituo vya mafuta walilipaka matope, lakini kuchanganya ni kuchanganya. Neno lenyewe linachangamsha mdomo. Nimejipongeza kwa chai ya maziwa.

Ijumaa, 2 Mei

Kafika! Mnene, mcheshi, kavaa suti ya kitenge na viatu vya kiume kwa ajili ya miguu. Pale uwanja wa ndege kaniita kwa sauti watu wote wakageuka: "Mkweee!" Tumekumbatiana tukakosa pumzi. Kaniletea maharage, dagaa, na ubuyu. Njiani kila ghorofa anaitikia "Yesu wangu." Nimempangia chumba hoteli ya karibu na Tianxiu, jengo lenye ofisi za Waafrika, ili akitoka tu akutane na Waswahili.

Bi Zuhura kaja kumsalimia. Bi Zuhura ni jirani yangu wa mlango wa pili, mtu wa Mombasa, Mwislamu safi, mdomo hauna breki. Anatengeneza juisi nzito ya tangawizi, anaijaza kwenye chupa, wenye mikahawa ya mtaa wa Xiaobei wanainunua na kuongeza maji wenyewe. Kamtazama Mama Amani juu hadi chini, kisha akaniambia mbele yake: "Huyu mkwe umempata. Mshike na mikono miwili."

Mkwe, mkwe, mkwe. Siku nzima ananiita hivyo. Tamu sikioni.

Jumapili, 4 Mei

Nimeharibu.

Sijui nianzie wapi. Ibada ilikuwa nzuri. Mchungaji Lameck akaniita nimtambulishe mgeni na nieleze habari za watoto. Neema hakuwapo, alikuwa chuoni. Nilisimama na fahari yangu yote. Nikasema huyu ni mkwe wangu kutoka Mafinga, Jumapili ijayo atamvika binti yangu pete. Nikaona haitoshi. Nikaongeza, kwa sauti ya juu: "Na binti yangu si mtu wa mchezo. Anachakachua urani ya mabomu, inakuwa mafuta!"

Ndugu zetu Wakongo walipiga makofi. "Amina, Mama!" Wao walisikia urani na mabomu, neno la kwanza likawapita. Watanzania wote, kimya. Mzee wa kanisa, Ndugu Elia, anayeuza simu, akainamisha kichwa kama tuko msibani. Nikamtazama Mama Amani. Uso umekauka. Kaweka mkoba mapajani, kaushika kwa mikono yote miwili.

Chakula hakugusa. Alisema kichwa kinauma. Nilimsindikiza hotelini. Mlangoni kasema, "Asante, Mama Neema."

Mama Neema. Si mkwe.

Jumatatu, 5 Mei

Sasa nimeambiwa. Amani kampigia Neema, Neema kanipigia mimi.

Nyumba yao ilikuwa na Fuso moja, mpya, ya kubebea mbao. Baba Amani alikuwa akiiendesha mwenyewe. Siku moja alijaza dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hakujua. Injini ilimfia katikati ya mlima Kitonga, mbao juu, korongo pembeni. Lori likaanza kurudi nyuma, akaruka nje kwa mlango. Mguu wake wa kushoto haujanyooka tangu siku hiyo, na lori waliliuza kwa kilo, vyuma chakavu. Katika nyumba ile neno hilo halisemwi. Watoto wakilitaja kwa utani, wanafukuzwa mezani.

Nami nimelisimamisha madhabahuni na kulipamba.

Nimekaa kitandani nimejiona mjinga. Mungu kanipa ulimi na sikuyasoma maelekezo yake. Neema hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Jumanne, 6 Mei

Neema kaenda hotelini kumwona Mama Amani. Kachukua kompyuta yake, picha, michoro ya rangi. Mimi nilimngoja chini, kwenye viti vya mapokezi, nasali na macho wazi.

Karudi baada ya saa nzima. Mama Amani alimsikiliza vizuri sana, kampa biskuti, kisha akasema: "Mwanangu, nimekusikia. Lakini naona mabomu na naona mafuta ya kuchanganya. Vyote viwili nyumbani kwangu vimeshatosha." Akampigia Baba Amani mbele yake. Mzee akasema mtu wa kuchakachua hapiti kwenye kizingiti chake, awe anachakachua dizeli, awe anachakachua mbingu.

Pete itarudi Mafinga na mwenye mkoba. Jumatatu anaondoka.

Neema kaniambia hataacha masomo. "Mama, sijaiba kitu. Siwezi kuiacha kazi nzuri kwa sababu ya neno." Nikamwambia hakuna aliyekwambia uache. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Lakini nampenda." Nilimpa maziwa. Sikujua kingine cha kumpa.

Kola zimefumuliwa. Ni jambo moja la shukrani.

Alhamisi, 8 Mei

Leo ilibidi nimpeleke Mama Amani soko la vitambaa la Zhongda. Nani mwingine ampeleke? Hajui njia, hajui lugha, na mapazia ni mapazia. Tumepanda metro bila neno. Ndani ya soko, ghorofa juu ya ghorofa, majora yamesimama kama watu kwenye foleni, kila duka mwenye duka anakula tambi.

Lakini biashara ina dawa yake. Alipopenda pazia la maua ya dhahabu, muuzaji akaandika bei kwenye kikokotoo, Mama Amani akashika kifua kama kapigwa risasi. Nimemfundisha neno moja, "tai gui le," ghali mno. Kalisema kwa lafudhi ya Kihehe. Muuzaji kacheka, kapunguza. Kalisema tena, kapunguza tena. Baadaye kila duka anaingia nalo kabla hata hajaona kitambaa. Tulicheka, tukasahau. Kisha tukakumbuka.

Wakati tunakula tambi kaniambia: "Mimi sina ubaya na mtoto, Mama Neema. Mtoto ana adabu, na macho yake hayakwepi. Lakini nikifika nyumbani nitamwambia nini yule mzee? Anapanda ngazi akishika ukuta."

Nilimwekea nyama zangu kwenye bakuli lake. Kazila. Hilo nalo nalihesabu.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua ya kutisha. Kuta za chumba zinatoa jasho, viberiti haviwaki, chumvi imekuwa uji. Nimesali asubuhi, nimesali mchana. Ombi langu ni fupi: Bwana, nipe neno jingine, hili la kwanza chukua.

Halijaja.

Jumamosi, 10 Mei

Mchungaji Lameck kaniuliza kama tuahirishe chakula cha kesho. Nimekataa. Mananasi yameshanunuliwa, mchele umeshanunuliwa, kuku wako kwenye friji ya Bi Zuhura. Tutakula tu, tuseme ni shukrani ya majoho. Mama Amani kasema atakuja kula na kuaga watu. Pete hataileta. Hapana, nakosea, kasema pete haitoki kwenye mkoba. Mkoba anakuja nao, maana hauachi popote.

Bi Zuhura kaja kuchukua sufuria zangu, kanikuta nimenuna. "Wewe mwenzangu, mwana asoma, mwana ana afya, watu waja kula. Walia nini? Kesho nitakuletea juisi yangu, watu wasahau habari za urani." Nikamwambia alete nyingi. Nilisema hivyo tu, nyingi.

Neema kashona kifungo cha gauni lake la pete. Kisha kalitundika, hajui atalivaa au la. Nimegeuza uso ukutani nikajifanya natafuta kitu.

Jumapili, 11 Mei

Naandika huku nacheka, mwandiko usinihukumu.

Ibada ilikwisha. Meza zimepangwa, pilau, mananasi yamekatwa, maganda nimeyaweka kwenye mfuko kwa sababu mimi situpi kitu. Neema kavaa lile gauni. Nilimwambia vaa, mwanangu, ni gauni tu. Mama Amani kakaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba mapajani. Bi Zuhura katanguliza chupa zake, yeye anakuja nyuma. Ndugu Elia, Mungu ambariki, akazimimina zote kwenye glasi. Zote. Kama zilivyo.

Mchungaji akaombea chakula, akainua glasi, akanywa funda kubwa ili atuonyeshe mfano. Akasema "A—". "Mina" haikutoka. Macho yakawa mekundu. Watu wakadhani kajazwa Roho, nao wakanywa.

Jamani. Ukumbi mzima ulikohoa. Papa Jeannot, yule Mkongo wa Amina, alishika pazia. Watoto wakalia. Mama mmoja alikimbilia dirishani akafungua mdomo kwa mvua. Ndipo Bi Zuhura akaingia na sufuria ya kuku kichwani, akasimama.

"Kulikoni? Maji mmetia?"

"Maji gani?" akasema Elia, anafuta machozi.

"Subhanallah! Hiyo ni ya kutia kidogo kwa maji mengi! Mwanywa dawa ya koo gilasi nzima!"

Elia akashika jagi la maji aanze kutia kwenye glasi. Hapo nikasikia sauti nyuma: "Wewe baba, acha!"

Mama Amani. Kasimama. Kajifunga khanga juu ya suti, mkoba kauweka kwenye kiti. Nilishangaa hilo kwanza, mkoba peke yake kwenye kiti. Kaja hadi mezani, kachovya kidole kwenye glasi, kalamba, kakunja uso.

"Ukitia maji matupu utaiua. Itakuwa maji yaliyopita karibu na tangawizi. Maganda ya mananasi mmeyatupa?"

Nikainua mfuko wangu. Sitaacha kutunza vitu, kamwe.

Kayachemsha kwenye sufuria la umeme, sukari kiasi, kayachujia kwenye ndoo, kaweka barafu. Kisha kachukua ile kali ya kwenye glasi, akawa anaimimina kidogo kidogo ndani ya ile laini, anakoroga, anaonja, anamimina. Watu tumemzunguka kama tunaangalia mtu anazalisha. Neema alikuwa mbele kabisa. Mdomo wazi.

"Mama, unafanya nini hapo?"

"Nazimua. Hujui kuzimua? Kinywaji kikikushinda ukali, unakizimua, mtu akinywe ashukuru."

Vijana wa nyuma wakaanza kucheka, maana kwao kuzimua ni ile supu ya asubuhi baada ya mambo ya usiku. Mchungaji, sauti haijarudi vizuri, akawaambia, "Ninyi, hiyo elimu mmeitoa wapi?" Wakanyamaza haraka.

Neema hakucheka. Kamshika Mama Amani mkono wenye upawa.

"Mama, hii ndiyo kazi yangu. Hii hii. Kali unaitia kwenye iliyolala mpaka ishuke. Na hilo la maganda badala ya maji matupu, uizimue na nini, hiyo ndiyo tasnifu yangu yote."

Mama Amani akaacha kukoroga. "Hii?"

"Hii."

"Na wenye mabomu wao wanajua unayazimua?"

"Wenyewe ndio wanaotaka. Na wale waliokuwa maadui zao wanakuja kukagua, wanasimama wanaangalia, kama sisi hapa."

"Na huyo mwenye mtambo, anauziwa kama kali?"

"Hapana, Mama. Anaambiwa kiwango chake. Akipewa kali ataikataa."

"Na mtu akiutaka ule ukali tena?"

Neema kaonyesha ndoo. "Aitoe tangawizi humo."

Mama Amani kaitazama ndoo. Kaitazama muda, kama vile lori lao limo ndani. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko mtupu wa maganda. Kisha akanyanyua kichwa, akaniita kwa sauti ile ile ya uwanja wa ndege:

"Mkweee!"

Nikaitika kabla hajamaliza.

"Mkwe, wewe ndiye mharibifu hapa! Anayechakachua anafanya gizani. Anachanganya ili akuibie, anakuuzia hafifu kwa jina la safi, lori likifa yeye hayupo. Huyu mtoto anafanya mwangani, watu wakiona, ili kitu kisiue mtu. Huyu anazimua! Kwa nini hukusema anazimua?"

Nikasema sikulikumbuka. Wiki nzima naliomba, kumbe liko kwa mwenyewe niliyemkosea.

Kampigia Baba Amani pale pale. Mzee hakutaka kusikia. Akamwambia, "Baba Amani, nyamaza uone," akageuzia simu kwenye ndoo. Akamweleza yote upya, kwa Kihehe, huku anakoroga. Kisha sauti ya mzee ikaja polepole, tukaisikia wote: "Sasa mbona mlisema anachakachua?" Watu sitini wakaninyooshea kidole mimi.

Pete ikatoka kwenye mkoba. Mikono ya Mama Amani ilikuwa inanata tangawizi na nanasi, pete ikakwama kwenye kiungo cha kidole, akatia tone la juisi, ikateleza ikakaa. Amani kwenye simu, vumbi la mbao kichwani, analia na kucheka vyote pamoja, nyuma yake msumeno unaunguruma hakuna aliyekumbuka kuuzima. Papa Jeannot akapiga kelele, "Amina!" Safari hii mahali pake.

Juisi imeisha yote. Bi Zuhura kaja kuninong'oneza: "Huyu mkweo, aniuzie hiyo siri ya maganda." Nikamwambia akaombe mwenyewe, mimi na maneno basi.

Jumatatu, 12 Mei

Mama Amani kaondoka mapema. Masanduku yamejaa mapazia, na chupa mbili za Bi Zuhura zimefungwa ndani ya mashuka, za kumzimulia mzee mwenyewe.

Mvua imekatika. Neema karudi chuoni. Kaacha glasi ya maziwa nusu mezani, nimeimalizia.

Majoho yamefika kutoka Kangle. Kola ziko mbele. Nimeyatandika kitandani, moja moja, zambarau na kola nyeupe. Nimechomeka pasi. Taa yake nyekundu imewaka. Sijui umeme huu umepikwa kwa nini, maji, makaa au vile vidonge. Nimeweka kiganja karibu na chuma. Kimepata moto. Naanza na kola.